Picha za kupamba na mlango wa kitabu tunaouruka

Wiki mbili kabla ya Ramadhani iliyopita mpwa wangu alinijia nyumbani na kamera mkononi. Ameinunua kwa pesa za chama, ya mkono wa pili, na tayari jirani mmoja alikuwa amemwagiza apige picha za kupamba ya binti yake baada ya Idi. "Mjomba, nifunze," akaniambia. "Nina mwezi mmoja na siku kidogo tu."

Mimi sina cheti cha upigaji picha. Diploma yangu ni ya mambo mengine kabisa. Kila ninachokijua kuhusu kamera nilikitoa vitabuni, vingi vyao vya mitumba, vingine kurasa zimeshaliwa na mchwa. Nikamwambia sitamfunza, nitampa vitabu vitatu na peni nyekundu, na kila jioni aje aniambie amekata nini na ameandika nini pembeni.

Naandika makala haya kwa ajili yake na wenziwe, maana wako wengi na kazi ipo. Kutoka Vanga hadi Lamu, usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Bi harusi ameketi jukwaani wazi, nywele zimetengenezwa, mikono imejaa hina, na mabibi waliomzunguka wameyavua mabuibui yao wamebaki na nguo za harusi. Mlangoni huwa pana kina mama wanaokusanya simu. Familia inataka mpiga picha mwanamke, na mwanamke anayeijua kazi bado ni wa kutafutwa kwa tochi. Basi wasichana wanaingia, na wengi wanajifunza kwa video za simu. Sina ubaya na video. Lakini video hukuonyesha mtu amefanya nini, ilhali kitabu kizuri hukueleza kwa nini amefanya. Ukishajua kwa nini, siku ukumbi ukibadilika au umeme ukipotea hubabaiki.

Taabu ni kwamba vitabu hivi vimeandikwa na watu wa harusi nyingine. Ndiyo maana ya ile peni nyekundu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nikahi ya kwanza niliyopiga picha ilikuwa ya rafiki yangu wa utotoni, msikitini, baada ya Isha. Nilikuwa na kamera ya kuazima na nikaiachia ijipimie kila kitu. Picha zilipotoka, kanzu nyeupe ya bwana harusi ilikuwa rangi ya jivu na uso wake umekuwa kama kivuli chenye meno. Mamake aliniuliza kwa upole kama siku ile taa zilikuwa zimezimika. Sikuwa na jibu. Jibu nililipata mwaka mmoja baadaye katika kitabu cha Mmarekani Bryan Peterson, Understanding Exposure, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1990 na ambacho hadi leo ndicho ninachompa mtu wa kuanza.

Kamera haijui inatazama nini. Kipimo chake cha mwanga kimeundwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya pamoja, ni kijivu cha wastani, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ukiilenga kwenye ukuta mweupe wa msikiti na safu ya watu waliovaa kanzu nyeupe, inajiambia: hapa mwanga umezidi. Inapunguza, mpaka weupe wote ugeuke kijivu, na uso wa mtu mweusi aliye katikati ya weupe ule unazama. Ukiilenga kwenye kundi la kina mama wenye mabuibui meusi hufanya kinyume chake. Inasema mwanga haupo, inaongeza, buibui linakuwa kama limepauka na nyuso zinaungua.

Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho karibu kila kamera inacho. Penye kanzu nyingi jumlisha hatua moja, hata moja na nusu. Penye mabuibui mengi toa hatua moja. Hatua moja maana yake ni kuuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Vitabu vya kwao hulieleza jambo hili kwa mfano wa theluji na paka mweusi. Mpwa wangu aliposoma theluji aliruka ukurasa, akidhani haimhusu. Nikamrudisha nyuma: futa theluji, andika kanzu, futa paka, andika buibui. Alipofanya hivyo tu akaelewa.

Kuna hila nyingine ya vitabuni inayotufaa sana sisi. Pima mwanga kwenye kiganja chako mwenyewe, kikiwa katika mwanga uleule unaompiga bwana harusi, kisha ongeza hatua moja. Inafaa kwa sababu viganja vya watu, weusi kwa weupe, havitofautiani sana kama nyuso zinavyotofautiana. Huhitaji kununua kadi ya kijivu. Kadi unatembea nayo.

Kuhusu taa na kiwaa kitabu ninachokisifu ni Light: Science and Magic cha Fil Hunter na wenzake, nacho pia cha mwaka 1990. Si kitabu cha harusi hata kidogo. Kinapiga picha chupa, vijiko na masanduku. Lakini hakuna kilichonifunza zaidi kuhusu dhahabu, na bi harusi wa Pwani amevaa dhahabu. Kitabu kinaeleza kwamba kitu kinachong'aa kina eneo lake la pembe, na taa ikiwa ndani ya eneo hilo itarudi moja kwa moja kwenye lenzi kama doa jeupe. Taa ikitoka nje ya eneo hilo, doa linaondoka. Huhitaji kumsogeza bi harusi, sogeza taa au sogea wewe. Ndivyo ilivyo hata kwa miwani ya babu wa bi harusi pale msikitini. Na mwanga wenyewe ni elimu yetu ya zamani: aliyeeleza kwa majaribio kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni, na akachunguza jinsi taswira inavyopita kwenye tundu dogo ndani ya chumba chenye giza, ni Ibn al-Haytham wa Basra, katika Kitab al-Manadhir, karne ya 11. Nilimwambia mpwa wangu asijihisi mgeni akishika kamera.

Hapo ndipo vitabu vinapokuwa na faida bila shaka. Fizikia haina kabila. Taa iliyo mita 1 kutoka kwa bi harusi na mita 2 kutoka kwa mamake aliyesimama nyuma humpa mama robo tu ya mwanga anaoupata binti. Ukirudi nyuma mpaka mita 4, mama akawa mita 5, anapata karibu thuluthi mbili. Kwa hiyo rudi nyuma na uvute kwa lenzi, usimsogelee bi harusi na flashi puani.

Lakini hata ushauri wa taa unahitaji peni nyekundu. Kila kitabu kitakwambia uielekeze flashi juu, igonge dari nyeupe na kurudi chini kwa ulaini. Katika nyumba za Mji wa Kale dari ni ya boriti, ya juu na imeiva kwa miaka. Flashi inapanda, hairudi. Harusi ya mtaani iko chini ya turubai, na turubai likiwa kijani, mabibi wote watatoka kijani. Likiwa jekundu, utadhani wameungua. Ubao mweupe mdogo uliofungwa kwa mpira nyuma ya flashi unafanya kazi nzuri kuliko dari usiyo nayo.

Halafu umeme. Vitabu vingi vya Marekani husema chini ya taa za umeme tumia kasi ya shata ya 1/60 au 1/125. Umeme wao ni wa mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni 50, na taa za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde ingawa macho hayaoni. Tumia 1/50 au 1/100, la sivyo utapata picha moja ina mwanga na inayofuata ina mstari wa giza au rangi ya manjano, na utailaumu kamera bure.

Na ile saa ya dhahabu wanayoisifu, jua linapokaribia kuzama. London mwezi wa Juni jua huzama saa tatu usiku na ushei, taratibu, kwa kuteleza ubavuni. Mombasa tuko kama digrii 4 kusini ya ikweta. Jua linaanguka wima, na mwanga ule mzuri ni nusu saa ukibahatika. Nusu saa hiyo inaishia kwenye adhana ya Magharibi. Mpiga picha aliyempanga bwana harusi ufukoni saa kumi na mbili na robo amepanga kugombana na baba mkwe. Panga baada ya Alasiri, tafuta kivuli cha ukuta au cha mwembe, umalize mapema.

Jambo la lenzi kuingia ukungu sikulikuta katika kitabu hata kimoja nilichosoma, pengine kwa sababu waandishi hawajatoka hoteli yenye kiyoyozi wakakanyaga nje Mombasa mwezi wa Machi. Kioo baridi kikikutana na hewa yetu kinalowa papo hapo. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa, uutoe mkoba nje dakika ishirini kabla ya kazi. Na usiihifadhi kamera kwenye kabati la nguo. Joto, unyevu na giza ndivyo kuvu inavyopenda, na kuvu ikishaota ndani ya lenzi, fundi atakutoza zaidi ya lenzi yenyewe.

Sasa orodha ya picha. Nyuma ya karibu kila kitabu cha picha za harusi utakuta orodha: bi harusi akiingia kanisani na babake, busu la kwanza, dansi la kwanza, kurusha maua. Mpwa wangu aliikata yote kwa mstari mmoja mrefu, kisha akaniuliza, "Sasa niandike nini?" Nikamwambia akamuulize nyanyake. Walikaa jioni mbili. Kilichotoka ni kurasa nne za daftari ambazo hakuna kitabu kinachozo: hina inapowekwa na nani ana haki ya kukaa karibu, somo wa bi harusi ni nani na asikosekane kwenye picha, ni shangazi yupi lazima apigwe kabla ya yule mwingine ili pasiwe na maneno, bi harusi anafunuliwa saa ngapi, na bwana harusi anapoingia kumpa mkono ni nani wamebaki chumbani.

Ila chini ya orodha zile za kigeni kuna kanuni moja ya kweli: ijue shughuli kabla haijaanza na usimame mahali pake kabla tukio halijafika. Kwenye nikahi, baada ya hotuba, walii anamshika mkono bwana harusi, anatamka, naye anaitikia. Ni suala la sekunde. Ukiwa unabadilisha betri, imekupita. Nilishuhudia mpiga picha mmoja akimwomba bwana harusi aitikie mara ya pili kwa sababu hakuwa tayari. Mzee mmoja alimwambia, "Kijana, huyu anaoa mara ngapi leo?" Watu walicheka, lakini imamu hakucheka. Mwone imamu mapema, muulize ukae wapi, zima sauti ya kamera, na flashi usiipige usoni mwa watu walio katika dua.

Mpaka hapo nimesema mambo ya kamera, na mpwa wangu aliyashika kwa haraka kuliko nilivyoyashika mimi. Kilichonifanya nikae niandike ni mlango wa mwisho wa vitabu hivi, ule ambao kila mtu anauruka.

Mmarekani Ansel Adams, aliyepiga picha za milima wala si za harusi, aliigawa kazi yake katika vitabu vitatu: The Camera mwaka 1980, The Negative mwaka 1981 na The Print mwaka 1983. Kamera, filamu, na uchapaji. Kwake kubonyeza kitufe ni theluthi ya kazi. Zilizobaki ni chumba cha giza. Siku hizi chumba cha giza ni kompyuta, na vitabu vya kisasa vinauweka mlango wa kompyuta mwisho: kuchagua, kusahihisha rangi, kuhifadhi, kukabidhi. Wasichana wetu wengi wanasoma mpaka kwenye taa wanafunga kitabu. "Hiyo ya kuediti nitampa mtu," wanasema.

Mtu huyo mara nyingi ni mwanamume.

Miaka michache nyuma, mtaani kwetu, picha ya bi harusi aliyepambwa ilizunguka kwenye simu za vijana siku kumi baada ya harusi. Simtaji, wala sitaji mtaa. Familia ilikuwa imefanya kila kitu: mpiga picha mwanamke, simu zimekusanywa mlangoni, hata wahudumu wa chakula wanawake. Wakawashuku wageni, ndugu wakanuniana, shangazi mmoja akaapa kwa Mwenyezi Mungu mbele ya watu. Ilipofuatiliwa ikajulikana kwamba mpiga picha alipeleka kadi kwa kijana wa kumsahihishia rangi, kama alivyofanya kwa kazi zake zote, na kompyuta ya kijana yule ilikuwa inatumiwa na wenzake wanne. Msichana hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu kwamba alipokabidhi ile kadi alikuwa amemfungulia mlango wa ukumbi mwanamume. Bi harusi yule alihamia kwa mumewe kimya kimya na hadi leo haonekani kwenye harusi za watu.

Wazee watakumbuka kuwa jambo hili si geni. Enzi za filamu, hata kama aliyepiga picha ni dada yako, roli la picha 36 lilipelekwa dukani kusafishwa, na aliyelisafisha aliona zote kabla yako. Palikuwa na familia zilizokataa kabisa picha za ndani kwa sababu hiyo. Tofauti ni kwamba filamu ilikuwa moja na ilirudi kwenye bahasha, lakini faili moja huzaa mia kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo msichana anayetaka kazi ya kupamba aanze kitabu kwa nyuma. Ajifunze kusahihisha mwenyewe kabla hajanunua lenzi ya pili. Programu ya Lightroom ipo tangu 2007 na ina vitabu vingi. Asiye na pesa ya kuilipia atumie darktable, ni ya bure. Kwa harusi hahitaji kujua kila kitu. Ajue kulinganisha rangi ili ngozi isitoke ya chungwa, kuinua vivuli usoni, kunyoosha picha iliyopinda, na kuchagua. Kuchagua ndiko kugumu. Picha 1,200 za usiku mmoja ziwe 200 ambazo mama mtu atazitazama bila kuchoka. Wiki tatu za mazoezi ya kila jioni zinamfikisha mtu wa kawaida hapo.

Kuhusu kuhifadhi, kuna kanuni maarufu ambayo Peter Krogh aliieneza kupitia The DAM Book, ya mwaka 2005: kila faili iwe na nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na nakala 1 iwekwe nje ya nyumba. Ni kanuni nzuri. Nimepoteza harusi nzima kwenye diski iliyokufa na najua machungu yake. Lakini hapa kanuni na sitara zinagongana. Kila nakala inayokulinda wewe na hasara inamwongezea bi harusi mlango mmoja wa kufichuliwa. Mpwa wangu aliniuliza atii lipi, na sikumjibu siku ile.

Tulichokubaliana baadaye ni hiki. Wakati wa kazi nakala ziwe mbili, zote kwenye diski zilizofungwa kwa nywila. VeraCrypt ni bure na inafanya kazi hiyo. Hakuna nakala ya mtandaoni. Kamera nyingi za sasa zinatuma picha kwenye simu, na simu inazipandisha mtandaoni yenyewe usiku ukiwa umelala, kwa hiyo uzime muungano huo kabla hujaingia ukumbini. Familia ikishapokea na kuhakikisha, nakala zako zifutwe. Na hapa kuna jambo wengi hawalijui: kufuta si kufuta. Faili uliyoifuta kwenye kadi, hata ukiiformati kwa njia ya haraka, inaweza kufufuliwa kwa programu ya bure mpaka nafasi yake iandikwe kitu kingine. Baada ya kufuta, ijaze kadi na video ya ukuta mpaka ikatae, ndipo uipangilie harusi nyingine. Wako wanaoikabidhi kadi yenyewe kwa mama wa bi harusi na kuitia bei yake kwenye malipo. Kadi si ghali kuliko jina la mtu.

Sheria nayo isomwe, maana vitabu vya Marekani vitakupotosha. Vitakwambia picha ni mali yako wewe mpiga picha, na kwao ni kweli kama hakuna mkataba unaosema vingine. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake inahesabiwa imehamia kwake yeye aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana tofauti. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Si maneno matupu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja asiyeridhia. Kama kilabu kimetozwa kwa mtu aliyekwenda kujistarehesha mbele za watu, fikiria bi harusi aliyekuwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Linabaki swali la kujitangaza, na hili sina jibu kamili. Vitabu vyote vinasema onyesha kazi yako bora. Kazi bora ya mpiga picha wa kupamba ndiyo asiyoruhusiwa kuionyesha. Mpwa wangu amepata njia ya katikati: jukwaa kabla wageni hawajaingia, shela ikiwa kwenye hanga, viatu, keki, mkono wenye hina bila uso, na hata hivyo baada ya kuomba ruhusa, kwa sababu wapo watakaoutambua mkono kwa pete yake. Bi harusi mmoja alikubali nakala za karatasi kumi ziwekwe kwenye albamu, wanawake wazioneshwe mkononi nyumbani, zisitoke. Mtindo wa zamani, lakini umemletea kazi mbili.

Kupamba ya jirani ilipita salama. Picha thelathini hivi zilitoka zimetikisika kwa sababu alisahau kupandisha kasi ya shata wakati wa chakacha, na alimsahau shangazi mmoja, jambo ambalo nyanyake alimkumbusha kwa wiki nzima. Jumapili iliyofuata alikwenda na kompyuta nyumbani kwa mama wa bi harusi, akamkabidhi diski, wakazitazama pamoja, kisha akazifuta zake mbele yake na kadi akaiacha mezani. Mama yule alisaini karatasi ya nusu ukurasa tuliyoiandika kwa Kiswahili: nani atapiga, nani atasahihisha, nakala ngapi, zitafutwa lini. Kisha akauliza kama anaweza kupata nakala ya karatasi ile tupu, kwani dadake anaoza mwezi wa Mfunguo Tatu na mpiga picha aliyemchukua hajamwambia picha atazisahihisha nani.